Novemba Jijini London: Moto, Gari la Dhahabu na Dakika Mbili za Kimya

Neno vuli lina kazi mbili. Kwa watu wa Pwani, vuli ni zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba. Kwenye vitabu vya jiografia, vuli ni majira ya Ulaya ambapo majani hugeuka rangi na kupukutika. Miezi ni ile ile, ila London haingoji mvua ya kupanda mahindi. Inangoja giza. Kufikia katikati ya Novemba, jua la London linazama saa kumi na robo jioni, wakati mtu wa Nairobi bado yuko ofisini akihesabu saa za kutoka.

Kila mwaka Wakenya kadhaa huipitia hiyo giza kwa mara ya kwanza. Wengi walienda majuu Septemba, masomo yanapoanza, au walipata kazi hospitalini. Oktoba bado inavumilika. Novemba ndiyo mtihani. Waliotangulia huwapa ushauri ule ule: usijifungie nyumbani, toka, kuna mambo. Nenda uone fataki tarehe 5. Nenda uone gari la dhahabu la Meya. Jumapili ya pili ya mwezi, nenda Whitehall usimame na umati.

Ushauri ni mzuri, na mengi kati ya hayo hayakugharimu hata senti. Lakini ukiiangalia hiyo orodha vizuri utagundua jambo. Karibu kila kitu kilichomo ni kumbukumbu ya tukio fulani. Mwezi wa Novemba London hutoka nje kukumbuka, na mji ukikumbuka huwa unachagua: huyu tumtaje, yule tumwache. Sisi tuna watu wetu katika hiyo hesabu, kwa hivyo si vibaya tukiipitia orodha polepole.

Tuanze na giza lenyewe, maana hata hilo lina historia. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zote za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na jioni inaingia ghafla. Wazo la kuchezea saa hivyo lilipigiwa debe na William Willett, mjenzi wa nyumba wa London, aliyechapisha kijitabu mwaka 1907 akilalamika kwamba watu hulala huku jua la kiangazi likipotea bure. Bunge lilimpuuza. Alifariki mwaka 1915 bila kuona sheria yake. Mwaka uliofuata, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilisogeza saa mbele ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata Mei 1916. Vita vikaisha, saa zikaendelea kusogezwa. Kwa hivyo yule mwanafunzi anayeshangaa mbona jioni imeingia ghafla hivyo, anaishi ndani ya uamuzi wa wakati wa vita. Vita hivyo tutavirudia.

Karibu na tarehe 5 Novemba anga la London hulipuka. Bustani ya Battersea na kilima cha Alexandra Palace hujaa watu waliovaa makoti mazito, wakitazama fataki. Zamani mitaani watoto walichoma moto mkubwa, na juu yake waliweka sanamu ya mtu aliyeshonwa kwa nguo kuukuu. Mtu huyo ni Guy Fawkes.

Stori yake ni hii. Mwaka 1605 Uingereza ilikuwa nchi ya Waprotestanti, na Wakatoliki walitozwa faini, wakafungwa, na mapadre wao wakauawa. Kikundi cha Wakatoliki kikapanga kulipua jengo la Bunge siku ya ufunguzi, mfalme James wa Kwanza akiwa ndani pamoja na wakubwa wote wa nchi. Guy Fawkes, mzaliwa wa York aliyekuwa amepigana katika jeshi la Uhispania, ndiye aliyepewa kazi ya kulinda na kuwasha baruti. Usiku wa kuamkia tarehe 5 alikamatwa chini ya ukumbi wa Bunge akiwa na mapipa 36. Aliteswa, akataja wenzake, na Januari 1606 akauawa hadharani.

Watu wengi wanaijua hadi hapo. Kinachosahaulika ni kwamba sherehe hiyo iliwekwa na sheria. Bunge lilipitisha amri mwaka 1606 kwamba kila tarehe 5 Novemba makanisa yote yafanye ibada ya shukrani, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Kwa miaka zaidi ya 250 serikali iliwaagiza raia wake wakumbuke, na walichokumbushwa ni kwamba jirani yao Mkatoliki ni adui. Miaka mingine kilichochomwa motoni kilikuwa sanamu ya Papa.

Leo ukimuuliza kijana aliyeshika soseji pale Battersea kwamba anachoma nani na kwa nini, huenda akacheka tu. Chuki iliisha, moto ukabaki. Ni jambo la kushukuru. Ila linatufundisha kitu: kumbukumbu ikishikiliwa na dola, ikapewa tarehe, ibada na baruti, inaweza kudumu miaka 400, hata baada ya watu kusahau sababu. Yale ambayo dola haiyapi tarehe hutegemea watoto na wajukuu, na hao nao wana shughuli zao.

Jumamosi ya pili ya Novemba ni zamu ya gari la dhahabu. Hapa kuna mkanganyiko kidogo, kwa sababu London ina mameya wawili. Yuko yule anayechaguliwa na wakazi wote wa jiji, tunayemwona kwenye taarifa. Halafu yuko Lord Mayor, meya wa City, ile maili moja ya mraba yenye mabenki ambako London ilianzia. Mwaka 1215 mfalme John aliwapa watu wa City hati ya kujichagulia meya wao kila mwaka, kwa sharti kwamba meya huyo aende mbele ya mfalme au wawakilishi wake kula kiapo cha utiifu. Ile safari ya kwenda kuapa ndiyo ikawa gwaride. Kwa karne kadhaa walisafiri kwa mashua kwenye Mto Thames, na hadi leo Waingereza huyaita magari yaliyopambwa ya gwaride kwa neno linalomaanisha kitu kinachoelea. Gari la dhahabu lenyewe lilitengenezwa mwaka 1757, na bado linavutwa na farasi sita. Hakuna tiketi ya kusimama barabarani. Unafika mapema, unatafuta nafasi, unaangalia.

Ukiangalia, ikumbuke ile hati. Mwaka 1215 hati ya kifalme iliwapa wafanyabiashara wa London uwezo wa kujitawala. Mwaka 1888 hati nyingine ya kifalme, iliyotolewa London hiyo hiyo, iliipa Kampuni ya Imperial British East Africa uwezo wa kutawala na kufanya biashara katika nchi ambayo baadaye ingeitwa Kenya. Karatasi ya aina moja, mji mmoja. Wa kwanza walipewa uhuru wao. Wa pili walipewa nchi ya watu wengine. Gwaride la hati ya kwanza hujaza barabara kila mwaka. Ya pili haina gwaride, na sidhani kuna anayelitamani.

Kesho yake, Jumapili ya pili, kelele zote hukatika.

Umati hujaa Whitehall, barabara ya wizara za serikali, kuzunguka mnara mweupe uitwao Cenotaph. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake kaburi tupu. Mnara wa kwanza ulibuniwa na msanifu Edwin Lutyens kwa ajili ya gwaride la amani la Julai 1919, na ulikuwa wa mbao na plasta tu, wa kubomolewa baada ya sherehe. Lakini watu waliofiwa walianza kuweka maua chini yake. Uingereza ilikuwa imeamua kutosafirisha maiti za wanajeshi kurudi nyumbani, kwa hivyo mama ambaye mwanawe alizikwa Ufaransa, au hakupatikana kabisa, hakuwa na pahali pa kulilia. Kaburi tupu likawa kaburi la kila mtu. Serikali ikalazimika kujenga lingine la mawe, likazinduliwa tarehe 11 Novemba 1920.

Na kimya chenyewe? Kumbe kilianzia Afrika. Mwaka 1918, vita vikiendelea, mji wa Cape Town ulikuwa ukisimama kila siku adhuhuri mzinga ulipolia. Tramu zilisimama, watu wakavua kofia. Sir Percy FitzPatrick, mwanasiasa na mwandishi wa Afrika Kusini aliyempoteza mwanawe vitani Ufaransa, aliupenda utaratibu huo na baada ya vita akapendekeza London iufuate. Mfalme George wa Tano alikubali, na tarehe 11 Novemba 1919 milki yote ikaombwa kunyamaza dakika mbili.

Waingereza hupenda kusema bunduki zilinyamaza saa ya kumi na moja, siku ya kumi na moja, mwezi wa kumi na moja. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inaharibika, kwa sababu saa yao ya kumi na moja ni saa yetu ya tano asubuhi. Inaharibika kwa njia nyingine pia, kubwa zaidi. Kwetu bunduki hazikunyamaza.

Vita vilifika hapa mapema. Agosti 1914 Wajerumani kutoka Tanganyika waliingia Taveta. Kwa miaka minne kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwazungusha Waingereza katika Tanganyika, Msumbiji na hadi iliyo Zambia ya leo. Barabara hazikuwepo. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilibebwa na binadamu. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria wachukuzi karibu milioni moja. Mwanzoni wengine walikwenda kwa mshahara. Mwaka 1915 ikaja sheria ya kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 machifu wakaagizwa kukusanya vijana kwa maelfu.

Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalitengeneza jina: Kariokor hapa Nairobi, Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukienda Kariokor kununua kiondo au viatu vya ngozi, au ukienda tu kula nyama, umesimama kwenye jina la jeshi hilo la wabebaji. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, tena kikiwa kichache. Hesabu rasmi ilitaja zaidi ya wachukuzi 40,000 waliokufa. Wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa mara mbili ya hapo au zaidi. Kuna familia ambazo hazikupata mwili, wala taarifa, wala mshahara wa marehemu.

Tarehe 11 Novemba 1918, London ikicheza barabarani, von Lettow-Vorbeck alikuwa bado anapigana. Habari za amani zilimfikia siku mbili hivi baadaye. Alisalimisha silaha rasmi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Wiki mbili nzima baada ya ile saa maarufu, mizigo ilikuwa bado iko vichwani.

Sasa turudi Whitehall, maana hapo ndipo swali lilipo. Wakati wa zile dakika mbili, mzinga ukishalia na maelfu ya watu wakiwa kimya hadi unasikia majani yakisukumwa na upepo, ni nani hasa anayekumbukwa?

Kuna shirika lililoundwa kujibu swali hilo. Mwaka 1917, kwa hati ya kifalme, ilianzishwa Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri sana kwa zama zile: kila aliyekufa atajwe kwa jina, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu, na mawe yawe sawa, jenerali na askari wa kawaida, tajiri na maskini. Ukitembelea makaburi yao Ufaransa utaona walivyoitimiza.

Afrika Mashariki hawakuitimiza. Mwaka 2019 David Lammy, mbunge wa Tottenham, London kaskazini, alikuja huku na watengenezaji filamu kuuliza wachukuzi walizikwa wapi. Filamu ilirushwa Novemba ya mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha Tume ikaunda kamati ya kuchunguza historia yake yenyewe. Ripoti ilitoka Aprili 2021. Ilikadiria kwamba wafu 45,000 hadi 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hawakusahaulika kwa bahati mbaya. Ripoti ilionyesha maafisa waliokaa ofisini wakaamua. Wapo walioandika kwamba Mwafrika hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Kulikuwa na makaburi yaliyojulikana yalipo, yakaachwa yarudi kuwa pori. Siku ripoti ilipotoka, Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Badala ya majina, sisi tulipewa sanamu. Ziko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilizosimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Nairobi iko Kenyatta Avenue, na huenda umewahi kukutana na mtu hapo bila kuinua macho: watu watatu wa shaba, wanajeshi wawili na mchukuzi. Maneno yaliyochongwa chini yake yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi. Yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati ya Kiarabu. Jina hakuna hata moja.

Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, aliyekuwa mshauri wa Tume hiyo upande wa maandishi. Kipling alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume, John, katika mapigano ya Loos mwaka 1915. Mwili haukupatikana. Alimtafuta kwa miaka, akihoji wanajeshi mmoja mmoja, na alifariki mwaka 1936 bila kulijua kaburi. Ila angalau jina la John lilichongwa kwenye ukuta huko Ufaransa, na baba yake angeweza kwenda kulisoma. Mzee wa Kitui au Kisumu aliyengoja mwanawe miaka ile ile, kwa uchungu ule ule, hakuchongewa kitu.

Je, ina maana tusiende Whitehall? Mimi nasema nenda. Uchungu wa wale wanaosimama pale na picha za babu zao ni wa kweli, na kile kimya ni kitu cha kushuhudia. Lakini usiishie hapo. Ukitoka Whitehall, tembea hadi Constitution Hill, karibu na Hyde Park Corner. Kuna nguzo nne za mawe, Memorial Gates, zilizozinduliwa na Malkia Elizabeth Novemba 2002 kwa heshima ya watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika na Karibiani waliopigana upande wa Uingereza katika vita vyote viwili. Maandishi yake yanawaita watu waliojitolea. Simama uliangalie hilo neno kwa muda. Wengi walijitolea kweli. Kijana aliyekamatwa na askari wa chifu usiku mwaka 1917 hakujitolea.

Kisha panda treni hadi Brixton. Kwenye uwanja wa Windrush kuna mnara wa wanajeshi wa Afrika na Karibiani, uliozinduliwa Juni 2017. Na siku ya mvua ingia Imperial War Museum, iliyoanzishwa mwaka 1917 vita vikiendelea. Haina kiingilio. Tafuta Afrika Mashariki humo ndani, upime imepewa nafasi kiasi gani.

Mambo yanabadilika, ingawa taratibu. Mwanzoni mwa Novemba 2023 mfalme Charles alikuwa Nairobi, akaweka shada la maua katika makaburi ya vita ya Kariokor. Tume nayo imekuwa ikitafuta majina yaliyopotea. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na London peke yake, kwa sababu majina mengine hayako kwenye faili yoyote. Yako kwa akina shosho na kuka ambao bado wanasema, babu wa babu yako alienda Kariokor akakosa kurudi. Muulize wako kabla ya Novemba ijayo. Andika jina, andika kijiji.

Na kama unaipanga hiyo kalenda yako ya London, baada ya fataki, gari la dhahabu na kimya, weka siku moja zaidi: tarehe 25. Kufikia wakati huo taa za Krismasi zinawaka Oxford Street na watu wanakimbizana na mifuko ya shopping. Hakuna mzinga utakaolia. Lakini ndiyo siku ambayo vita viliisha kwa watu wetu, na dakika mbili unaweza kuzipata popote, hata ukiwa umesimama kwenye kituo cha basi.